Kuponi Nyuma ya Kozi

Bi Mina Geddes aliuza glavu katika duka moja mjini Dundee, akamuuguza mama yake aliyepooza, na jioni, kwenye meza ya jikoni, akawakamata wezi. Yaani aliandika hadithi za Kozi wa Ukungu, shujaa aliyepewa jina la ndege mwindaji, katika gazeti letu la wavulana, lililotoka kila Alhamisi. Kozi mchana alikuwa karani mpole wa duka la taa. Ukungu ukishuka, alivaa barakoa ya ngozi na joho jeusi lenye bitana nyekundu, akarukia mapaa. Jina la mwandishi halikuchapwa. Tuliambiwa wavulana wakijua ni mwanamke watalitupa gazeti. Upuuzi mtupu, lakini mimi nilikuwa mpanga herufi za chapa tu, na mpanga herufi haulizwi.

Alipenda uhakika kupita kiasi. Joho lile alilishona kweli, akalivaa, akakimbia nalo kwenye uwanja wa kuanikia nguo aone litanasa wapi. Majirani wakachungulia madirishani.

"Mina, umepatwa na nini leo?"

"Namkimbiza mwizi, Bi Lorimer!"

"Basi ukimpata, mwambie arudishe vibanio vyangu vya nguo!"

Wiki ile pindo la Kozi lilinasa kwenye msumari, na mimi nikacheka peke yangu nikiipanga sura hiyo.

Kila Oktoba tulikuwa na desturi ya kura. Kwa wiki tatu tulichapa kuponi kwenye ukurasa wa mwisho. Msomaji aliikata, akaandika hadithi aipendayo, akaituma. Hadithi iliyoshika mkia iliondolewa. Mwaka ule alishika mkia Kozi. Mhariri wetu, Bwana Soutar, akampa Bi Geddes wiki mbili ammalize. Hadithi ya miaka tisa, imalizwe kwa wiki mbili! Sura ya mwisho aliileta mwenyewe, macho yamemvimba. Kozi anazama mtoni akimwokoa mlinzi wa daraja.

Jumanne, siku mbili kabla gazeti lenye sura hiyo halijatoka, nilikwenda kunyolewa kwa Wattie. Kwenye benchi la wateja palikuwa na rundo la magazeti yetu ya wiki zile za kura. Nikafunua kurasa za mwisho. Kuponi zote zilikuwepo.

"Wattie, hapa hapigi kura mtu?"

"Athubutu! Nyuma ya kuponi, kila wiki, pana mwisho wa sura ya Kozi. Juzi jamaa mmoja alitoa mkasi, wenzake nusura wamnyoe nyusi. Hata mimi, Alec. Nikate, nisijue kama amepona?"

Nilikaa na povu usoni, nikajiona mjinga. Pembe ile ya kuponi niliichagua mimi. Tangazo la baiskeli liliacha nafasi pale, nikaijaza, sikujali nyuma yake kuna nini. Wasiompenda Kozi walikata bila shida. Waliompenda hawakukata.

Nilikuwa na siku mbili za kusema. Ngazi za kwenda kwa Bwana Soutar ni kumi na nane. Nilipanda tisa, nikaikumbuka kazi yangu, nikamkumbuka mke wangu mjamzito, nikashuka. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: niliogopa.

Alhamisi Bi Geddes alikuja kuchukua karatasi zake.

"Hawakumpenda, Alec."

"Wavulana wa siku hizi hawana shukrani, Bi Geddes."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

"Usiwalaumu bure. Kosa ni langu. Nilidhani nawajua."

Hakuandika tena. Krismasi ilipokaribia nilikwenda dukani kwake kumnunulia mke wangu glavu. Nilimkuta akipangusa kioo cha kaunta kwa kipande cha kitambaa cheusi chenye bitana nyekundu. Akanichangamkia, akakiweka kando, akaniuliza mke wangu ana mkono wa kiasi gani.