Dodoso Moja Kutoka Matombo

Sogea kidogo unisikilize, maana nikichoka sauti yangu hushuka, na siku hizi nachoka mapema. Nataka kukueleza jinsi nilivyopoteza kazi ya mwaka mzima kwa kosa ambalo mwanafunzi wangu yeyote angelifanya, ningempunguzia alama.

Nafundisha uandishi wa habari katika chuo kimoja hapa Morogoro mjini. Waandishi wengi wa redio za mkoa huu wamepita darasani kwangu. Mwaka ule nilikuwa natafiti wanavyoiona kazi yao: wanaamini nini, wanajiona wanawajibika kwa nani, na kama wanadhani habari zao zinaegemea upande. Utafiti wa namna hii hufanywa kwa dodoso, yaani karatasi ya maswali ambayo mtu anaijaza bila kuandika jina. Nikaomba ruhusa kwa meneja wa kituo kimoja cha redio. Akakubali, kwa sharti kwamba nikimaliza nije niwasomee matokeo wote, yeye akiwepo.

Madodoso yaliporudi nilianza kuyasoma ofisini, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Swali la tisa liliuliza: "Unapoandika habari, je, kuna upande unaoupendelea? Eleza." Wa kwanza alijibu: "Hapana. Mwandishi husimama katikati na kuwapa watu wote nafasi ya kusema." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo, akaongeza na mfano wa wakulima wa mpunga wa Dakawa wanaogombea zamu ya maji. Mfano ule niliujua. Niliutunga mimi mwenyewe, ubaoni, miaka mingi iliyopita.

Walikuwa wamefanya mtihani. Mmoja alipiga mstari wa pambizo kwa rula. Mwingine aliandika chini kabisa: "Mwalimu, muda haukutosha." Na jioni ile mtangazaji wao wa michezo akanipigia simu.

"Shikamoo Mwalimu. Eti, nimepata ngapi?"

"Marahaba. Hakuna kupata wala kukosa, mwanangu. Nilitaka kujua unavyofikiri wewe."

"Ndivyo ninavyofikiri, Mwalimu. Kama ulivyotufundisha."

Nilicheka, lakini simu ilipokatika nilibaki nimekaa tu. Unamfundisha mtu miaka mitatu kusema jambo, halafu unamfuata kazini na karatasi kumuuliza kama analiamini. Atakuambia nini?

Dodoso moja tu lilikuwa tofauti. Mwandiko ulikuwa wa haraka, maneno mengine yamekatwa na kuandikwa upya. "Ndiyo, ninao upande. Nilitumwa kuripoti watu wanaolima hadi kwenye kingo za mto, maji yanashuka mjini yakiwa matope. Niliwataja wote isipokuwa mjomba wangu. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na yeye ndiye anayetugawia. Ningemtaja, ningelima wapi?"

Nilifurahi, sikufichi. Baada ya rundo lile la majibu ya darasani, hapa alikuwepo mtu. Nikalinakili jibu lake zima kwenye ripoti. Kisha, kama ninavyowafundisha wengine, nikapanga majibu kwenye jedwali kwa maeneo wanayoripoti: Mjini, Dakawa, Turiani, Matombo. Nikachapa nakala ya meneja, nikaiweka kwenye mkoba.

Siku mbili kabla ya kusoma matokeo, mlango wa ofisi ulibishwa. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, sasa ni baba wa watoto watatu. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa udongo wa mlimani.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kuchukua karatasi yangu."

"Marahaba, karibu ukae. Karatasi zile hazina majina, nitaijuaje yako?"

Alinitazama kama anayenionea huruma. "Mwalimu, ukurasa wa kwanza umeuliza mtu anaripoti kutoka wapi. Sasa niambie, Matombo tupo wangapi?"

Niliitoa ripoti mkobani nikaitazama. Alikuwa peke yake. Jedwali langu lilikuwa limemtaja waziwazi kuliko kitambulisho.

"Meneja akisoma, sina kazi," alisema. "Alishamwondoa mwenzetu kwa jambo dogo kuliko hili."

"Kwa nini basi uliandika?"

"Ulitufundisha kwamba mtafiti anatunza siri. Wenzangu walikumbuka yale ya kusimama katikati. Mimi nilikumbuka hilo."

Nilivua miwani nikayafikicha macho. Nikiliondoa jibu lake, ripoti ingesema hakuna mwandishi hata mmoja mwenye upande, na huo ungekuwa uongo niliousaini. Nikiyachanganya maeneo yote, bado angebaki ndiye pekee aliyesema ndiyo, na meneja angeanza kumtafuta kwa macho mle mle chumbani.

"Rudi nyumbani," nilimwambia. "Meneja hataiona. Lakini ile habari ya mto haijakaa sawa, na wewe unajua."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana niliiandika kwako."

Siku ilipofika nilisimama mbele yao nikasema sina matokeo. Nikawaeleza kwamba aliyewauliza ni mwalimu wao, nao wakamjibu mwalimu wao, kwa hiyo kazi imeharibika na kosa ni langu. Ilikuwa kweli, ndiyo maana niliweza kuisema bila kutetemeka.

"Yaani zote, Mwalimu?" meneja aliuliza. "Hata moja haifai?"

"Zote. Nimeshazichana."

"Tumefeli darasa zima," alinong'ona mtangazaji wa michezo, wakaangua kicheko. Mtu wa Matombo hakucheka. Aliinamia daftari lake.

Makala niliyokusudia kuandika kutokana na utafiti ule haikutoka, na kupanda cheo kukasubiri. Mimi sikuwa na nguvu ya kuanza upya mwaka ule. Lakini wiki kadhaa baadaye niliisikia ile habari ya mto ikirudiwa redioni na mwandishi wa mjini. Safari hii mjomba alitajwa, akapewa na nafasi ya kujieleza: alisema shamba lingine la tambarare hana. Aliyempeleka mwandishi yule hadi kwa mjomba ni mpwa mwenyewe. Alinipigia kuniambia.

"Na shamba lako?" nilimuuliza.

"Bado ninalo, Mwalimu. Ila mjomba siku hizi ananiitikia kwa kichwa tu."

Kwa hiyo nawe ukitunga dodoso, kabla hujaligawa, chukua ukurasa wa kwanza, ule wa eneo, umri na miaka ya kazi, uusome kwa macho ya bosi wa watakaolijaza. Kila swali ambalo jibu lake linaweza kumwonyesha mtu mmoja, lifute.