Mtakatifu wa Nguzo na Paa la Nyumba Yangu

Saa nne kasoro dakika nane asubuhi, Jumamosi, ngazi iliteleza, ikaanguka uani na kupinda mguu. Mimi nilibaki juu ya paa la nyumba yetu ya ghorofa, huku ughaibuni, mjini Bowie, na ndoo ya majani makavu mkononi. Simu ilikuwa jikoni.

Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa ametaka tumlipe fundi dola mia moja na themanini azibue mifereji ya maji ya mvua. Nilimwambia kazi hiyo yataka utaratibu tu, na utaratibu ninao. Angerudi kutoka kazini saa tano na nusu. Haja yangu ilikuwa moja: anikute chini.

Saa nne watu wa jumuiya yetu ya sala walianza kuwasili, maana zamu ya kuwapokea ilikuwa yetu, na somo lilikuwa langu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Bukavu, amebeba sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao.

"Papa, uko nafanya nini kule juu?"

"Nasubiri ngazi, mama."

"Tuite wazimamoto?"

"Hapana!" Niliwaza king'ora na majirani wote barabarani.

Tunaye Mkenya mmoja anayekaa mji wa Herndon, mwendo wa saa nzima kwa gari, ambaye hutoka kwake saa ileile ambayo ibada inaanza kwetu. Wakampigia simu. Alikuwa bado anafunga kamba za viatu. Akasema ataleta ngazi yake. Nilipiga hesabu: saa tano na robo ningekuwa nimeshuka.

"Basi anza somo, Mwalimu," wakasema, wakapanga viti kwenye nyasi.

Mada niliichagua mwezi mmoja kabla, bila kufikiria paa: yule mtakatifu wa Siria, mtoto wa mchungaji wa kondoo, aliyeishi juu ya nguzo zaidi ya miaka thelathini. Nikaeleza kwamba alipanda ili apate utulivu, watu wakazidi kumjia, akaongeza urefu wa nguzo, nao wakaongezeka. Baada yake wengine walimwiga kwa karne nyingi. Nguzo yenyewe leo imebaki kisiki cha jiwe.

Kwa kawaida wasikilizaji wangu huanza kuangalia simu dakika ya tano. Siku hiyo walinitazama, shingo zimepinda, dakika arobaini. Kisha wakaanza kuuliza.

"Mwalimu," alisema dada mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee, "bosi anataka nifanye shifti za Jumapili."

"Ngapi?"

"Zote."

"Mpe moja kwa mwezi."

"Amina!" wakaitikia wote.

Mama wa Bukavu akasimama. "Papa, mtoto wangu namusemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza."

"Chakula aombe kwa Kiswahili tu."

"Atakufa njaa!"

"Siku mbili. Ya tatu atasema."

"Amina!"

Saa tano na dakika kumi na mbili yule wa Herndon alifika, akaegemeza ngazi ukutani. "Mzee, shuka basi!"

Ningeshuka. Lakini mtu alikuwa ndiyo kwanza ameniuliza kama anunue gari la mkopo, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo nikiwa chini. Nikasema, "Ngoja nimalizie hili." Nikamalizia hilo, na mengine matatu.

Gari la mke wangu likaingia. Aliwatazama watu, akanitazama mimi.

"Shuka."

Nikaweka mguu kwenye ngazi papo hapo.

"Mama, ngoja!" alisema yule wa Bukavu, ambaye kumbe alikuwa amesoma maisha ya watakatifu kunishinda. "Wamonaki walimwamuru yule mtakatifu ashuke, wapime utii wake. Alipotoa mguu tu, wakamwacha abaki!"

"Huyu wangu ashuke," alisema mke wangu. "Na mifereji?"

Nilikuwa nimezibua upande mmoja.

Fundi alikuja Jumanne, na hakupunguza bei kwa ajili ya upande wangu: dola mia moja na themanini. Ngazi mpya, mia moja sitini na nne. Hasara yote ni dola mia tatu arobaini na nne.