Mada Yangu Ilivyofia Naguru

Msimamizi wangu wa utafiti chuoni sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kujifanya leo. Nilimpelekea mada niliyoihangaikia muda mrefu: wajane wa polisi wanaishije katika kambi za Kampala. Akasoma kichwa tu, akacheka. "Wajane gani? Nani kakwambia wapo?"

Nimekulia kambini Naguru. Kule mume akifa, chumba kinatakiwa kwa askari mwingine, na mjane huambiwa afunge virago. Wengi hawaondoki. Wanajibana, majirani wanawafichia siri, watoto wanaendelea na shule. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Hilo sikumwambia.

Mpango wangu ulikuwa kukaa na akina mama wakifua, tupige soga kwa Kiswahili chetu cha kambini, nisiandike neno mbele yao. Aliukata wote kwa wino mwekundu. Huo si utafiti, alisema, huo ni umbea. Kiswahili nacho kilimchefua. Kwake kilikuwa lugha ya wenye bunduki waliowahi kuvunja mlango wa kwao. Hapo tu nilimwelewa. Alitaka dodoso, ubao wa kuandikia, na swali la kwanza liwe: mkuu wa kaya yuko wapi?

Nikamwambia kambini mtu wa kuja na ubao akimuulizia mwenye nyumba ni afisa wa makazi, na kila mwanamke anajua anachotafuta. Akasema nina kiburi. Tungekwenda pamoja kulijaribu dodoso, anifundishe kazi.

Alivaa suti. Kila mlango tuliobisha hodi, mume alikuwa hai. Huyu yuko doria, yule kaenda Gulu, mwingine amelala asiamshwe. Nilimtafsiria kwa Kiingereza. Nilitaka tuupite mlango wetu. Akabisha mwenyewe.

Mama akafungua, akautazama ubao, kisha mimi.

"Mzee iko wapi?" nikauliza, maana ndivyo dodoso lilivyotaka.

"Mzee iko kazi, nyabo. Tarudi jioni."

Aliniita nyabo, kama mwanamke yeyote aliyejipitia njiani. Baba tulimzika kabla sijaanza sekondari.

Tukiteremka kilima cha Naguru, msimamizi alipiga mluzi. "Umeona? Hawapo. Au nionyeshe hata mmoja."

Nilimchukia. Mmoja nilikuwa naye, na kumtaja kulikuwa kumtupa nje yeye na godoro lake.

"Hakuna, profesa," nikasema. "Nitatafuta mada nyingine."

Jioni nilirudi nyumbani. Mama alikuwa amelifua shati la sare la baba na kulianika mbele ya mlango, mahali ambapo kila mpita njia angeliona.

"Ule mwanaume wako ya ubao tarudi?" aliuliza bila kunitazama.

"Harudi, mama."

"Kula basi."

Nikanyanyuka nikalianue shati, kiza kilikuwa kinaingia.

"Wacha," alisema. "Ikae nje."