Pasi Ilikuwa Bado na Moto

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya pasi. Hata leo nikinyoosha shati la babako na mvuke ukinipiga usoni, aibu inarudi kana kwamba ni jana. Wewe unacheka. Cheka tu, lakini weka hiyo simu chini unisikilize, maana nimekuona asubuhi ukiipiga kompyuta kofi eti imelala. Kompyuta haipigwi kofi. Nami nilipokuwa na umri wako sikuwa na subira, kama wewe tu, na haikunigharimu mimi peke yangu.

Nilikuwa msichana mbichi, nimemaliza kozi ya kompyuta juzi tu, kiburi kimenijaa mpaka shingoni. Nilikaa kwa kaka yangu Kisumu Ndogo, kule Kibera, nyumba ya mabati isiyo na stima. Kila asubuhi nilitembea hadi Gatina, Kawangware, kwenye kijiofisi cha kuchapa barua cha Baba Okumu. Huyu alikuwa karani mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Kiinua mgongo chake alikuwa amenunulia kompyuta moja ya mitumba na printa yenye kelele kama posho mill ya kusaga mahindi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito, we! Ukifungua kazi unasikia krr, krr, krr huko ndani, unaweza kwenda choo ukarudi. Nikueleze ni kwa nini. Fikiria plot ya vyumba vya kupanga. Huyu anahama, yule anaingia, vyumba vinabaki wazi hapa na pale. Ikija familia kubwa haipati vyumba vinavyofuatana: wazazi wanalala cha mbele, wavulana kando ya choo, wasichana upande ule mwingine. Ni watu wa nyumba moja, lakini mama akitaka kuwapa chakula anazunguka plot nzima na sufuria mkononi. Diski za wakati ule ndivyo zilivyokuwa. Barua moja, ukiiongeza leo kidogo na kesho kidogo, vipande vyake vinawekwa popote penye nafasi, na sindano ya kusomea inakimbia huku na huko kuvikusanya. Sasa ile kazi ya kudefrag ilikuwa kuhamisha wapangaji mpaka kila familia ikae vyumba vinavyofuatana. Ilichukua saa nyingi, wewe umekaa unatazama visanduku vya rangi vikisogea kwenye kioo. Hizi zenu naambiwa hazina hata hiyo sindano. Haya, mna bahati.

Baba Okumu alikuwa na sheria moja. "Kila Jumamosi iache ijipange. Na ukishaianzisha, usiiguse mpaka imalize. Mtu aliye katikati ya kuhama hana nyumba."

Mimi Jumamosi nilikuwa na mambo yangu. Kulikuwa na kijana wa kwaya, si lazima umjue. Nikiianzisha hiyo kazi naikatiza, siku nyingine siianzishi kabisa. Hata disketi ya akiba, ile ya kuwekea nakala, nilikuwa nimempa rafiki yangu abebee mchezo wa karata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika siku ile halikuwa langu.

Wakati huo akaanza kuja Mzee Andayi, fundi wa mawe pale pale Gatina. Mkewe alikuwa amefariki, kamati ya matanga inakusanya nauli ya kumpeleka nyumbani, huko magharibi. Watoto wao walilelewa na nyanya yao kijijini, wadogo bado, mama yao walikuwa wakimwona Krismasi tu. Mzee aliniambia, "Nataka habari za maisha yake ziandikwe, zisomwe pale kaburini, wasikie mama yao alikuwa nani." Kuandika hakujua. Alikuwa akija jioni na vumbi la mawe kwenye nyusi, anaongea, mimi nachapa. Machozi yakimzidi anasema, "Tutaendelea kesho, msichana wangu." Kwa hivyo maisha ya yule mama yaliingia kwenye mashine vipande vipande, na huko ndani yakakaa vipande vipande.

Siku ya kusafiri alikuja mchana kuchukua vitini vya kugawa mazishini. Basi la kubeba maiti lilikuwa liondoke jioni. Nikafungua kazi yake: krr, krr, krr. Mzee anatazama saa ya ukutani, mimi naona haya, nikajitia ujuzi. "Mzee, ngoja niipange kwanza, itakimbia." Baba Okumu alikuwa ametoka kununua karatasi. Nikaianzisha, visanduku vikaanza kusogea, mzee akakaa kwenye benchi mikono magotini.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Kwa kuwa kwetu hakukuwa na stima, nilikuwa na mazoea ya kubeba nguo zangu nizipigie pasi kazini. Plot nzima ilikuwa kwenye fyuzi moja, na keateka, msimamizi wa plot, alikuwa amekataza pasi na koili za kupikia kama anavyokataza dhambi. Lakini jioni ile kulikuwa na mazoezi ya kwaya na blauzi yangu ilikuwa imekunjamana. Nikajiambia, hii mashine itachukua muda, nami nitakaa bure? Nikachomeka pasi kule nyuma ya pazia. Nilikuwa nimemaliza mkono mmoja tu wa blauzi, saluni ya jirani wakawasha draya ya kukaushia nywele. Tap! Giza kwenye kioo.

Stima iliporudi, mashine ilijikagua kwa muda mrefu ikilalamika. Nikafungua kazi ya mzee. Ukurasa wa kwanza ulikuwepo. Baada yake, alama nisizozijua, kisha bei za misumari na rangi za duka la mtu mwingine, kisha alama tena. Nilitafuta jina la yule mama, sikulipata.

"Mzee," nikasema, "stima imeharibu."

Unajua alinijibu nini? "Pole, msichana wangu. Stima si ya mama yako." Akanipa pole, mimi! Nikamwomba anieleze upya haraka haraka nichape. "Nilishayatoa," akasema. "Saa hii hayaji." Nikampigia nakala za ule ukurasa mmoja. Baba Okumu alikuwa amerudi, akamsindikiza mlangoni. Kisha akaja nyuma ya pazia, akaweka kiganja juu ya pasi.

"Bado ina moto," akasema polepole. "Na Mzee Andayi hajafika barabarani. Kimbia umwambie."

Nilisimama pale pale. Miguu ilikataa, mwanangu. Nilimwona kwa dirisha akitembea na zile karatasi kifuani, mpaka akapinda kona. Baba Okumu aliniachia nikiri mwenyewe, na afadhali angenitukana.

Mzee alirudi baada ya mazishi na karanga kwenye mfuko wa karatasi, zangu. "Mashine imepata yale maneno?" akauliza. Nikajibu, "Bado tunatafuta, mzee." Tulikuwa hatutafuti chochote. Ikawa kila akipita anachungulia: "Yamepatikana?" Nami, "Bado, mzee." Karanga zake nilizila. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu niliirefusha kwa miezi, mpaka asubuhi moja akauliza nikaangua kilio, nikamweleza yote, pasi, blauzi, kwaya.

Akaniuliza, "Kwa hivyo hayako?"

"Hayako, mzee."

"Ya stima ningekusamehe siku ile ile, nikakaa usiku kwenye basi nikiyakumbuka yakiwa bado mabichi. Lakini wewe umeniacha nikitumaini, nami kwa kutumaini nikaacha kukumbuka." Akaketi kwenye lile benchi. "Andika tutakachopata."

Tulipata kidogo. Kulikuwa na wimbo ambao mkewe alikuwa akimtania nao akimpelekea chai kwenye mjengo. Mara ya kwanza alikuwa ameniimbia wote, nami nikauchapa. Sasa alianza, akakwama, akaanza tena, akatikisa kichwa. "Umenitoka," akasema. Nami sikuwa nimeushika hata mstari mmoja, kwa kuwa nilikuwa nikichapa huku nikiwaza kijana wa kwaya.

Basi mwanangu, kazi ya kupanga upya ukiianza, iwe ya mashine au ya nyumba yako, kaa nayo mpaka iishe. Cha mtu ulichoaminiwa, kiwekee nakala kabla hujakigusa. Na ukiharibu, sema pasi ikiwa bado na moto na mtu hajafika barabarani, maana majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekaa nami miaka hii yote.

Mungu akupe moyo wa kungoja na miguu ya kukimbilia uliyemkosea. Na wale wako wote waliotawanyika, awakusanye mkae karibu karibu. Haya, nenda uiombe msamaha hiyo kompyuta.