Mwavuli Mwekundu Wamwaibisha Mzee Matone

Saa tatu asubuhi, Mzee Matone amesimama kando ya barabara, karatasi mkononi, akijicheka.

"Leo mjinga ni mimi," anasema. "Msihangaike kutafuta mwingine."

Jua lilipomchoma aliazima mwavuli mwekundu wa muuza matunda. Chini yake kila kitu kikawa chekundu, naye akadhani ukuta anaouchora umezidi wekundu, akaupoza kwa kijani. Alipoutoa mchoro kwenye mwanga, matofali yalikuwa ya kijani, kama mkate uliovunda.

"Uzee wote huu kwenye rangi za maji, nadanganywa na mwavuli!"

Rangi ya maji ikishanyweka kwenye karatasi haibembelezeki. Imebaki karatasi moja, na mchana huu tingatinga linakuja kuliangusha duka la mikate lililo mbele yake. Mwenye duka, Mama Mikate, ameoka humo tangu akiwa bi harusi. Alimwomba jambo moja: amchoree kabla halijawa kifusi.

Zamani Mzee Matone alichora mabango. Ngazi ikamwangusha, goti likavunjika. Akiwa hospitalini alichora mti wa dirishani kila siku, hadi muuguzi akamwambia, "Mzee, huo sasa ni ndugu yako, umpe jina."

Tangu atoke, hachori ndani.

"Nje wingu halikungoji, nzi anatua kwenye rangi, wapita njia wanakukosoa. Ndani anikosoe nani? Kabati?"

Mwezi mwema huuza picha mbili. Mwezi mbaya huvuna sifa, "na sifa haziivi hata uchochee vipi."

Bintiye, fundi cherehani, ndiye anayemkanda goti kila jioni, na amechoka. Wameshakubaliana: karatasi hii ya mwisho ikiharibika, kuchora nje basi.

"Baba, piga picha kwa simu, ukachoree nyumbani," anamwambia akiwa nyuma yake.

"Mwanangu, shika sindano yako."

"Na goti lako alishike nani?"

Mzee anakaa juani, kofia imeshuka hadi puani. Analowesha karatasi, anauacha weupe wake uwe mwanga wa mlangoni, kisha anapitisha wekundu wa tofali mara moja tu, bila kurudia. Mama Mikate amevuta kiti ubavuni pake. Anasimulia tanuri lilivyomuunguza nyusi siku ya kwanza, mumewe akacheka hadi unga ukamwagika. Mzee anacheka naye, brashi haisimami.

Tingatinga linaponguruma kwenye kona, picha imekwisha. Matofali ni mekundu.

"Kesho ni zamu ya kinyozi wa pale chini," Mzee anatangaza. "Naye anavunjiwa."

Bintiye anamwonyesha Mama Mikate simu. "Mama, tazama. Nimebonyeza mara moja, kila tofali limo. Kulikuwa na haja gani ya kumbanika baba yangu juani?"

Mama Mikate haondoi macho kwenye karatasi iliyo bado mbichi.

"Simu yako imepiga picha ikaenda zake, binti yangu. Baba yako amekaa nami."