Panya Aliowalea Nafuna Sasa Wanamnyima Pumzi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Dina Nafuna anafunika nywele kwa kofia ya kitambaa, anavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, kisha anasimama kidogo mlangoni kama mtu anayejiandaa kuinua gunia. Anaingia.

Ndani ya chumba hiki, katika chuo kimoja mjini Juja, kuna panya weupe 640. Wanaishi katika vizimba vya plastiki vilivyotandazwa maranda, na ndio wanaojaribiwa dawa kabla haijamfikia binadamu. Leo wanafunzi wanane wa utafiti wa tiba wamekuja kujifunza kuwashika. Mwalimu wao ni mwanamke huyu wa miaka 51, aliyeanza kazi hapa kwa kuosha vizimba.

"Pangusa mkono kwanza. Panya anajua jasho ya uoga," anawaambia.

Mwanafunzi mmoja, Idah, anamwinua panya kwa shina la mkia, anamweka juu ya wavu ili ang'ang'anie, kisha anambana ngozi ya shingo kwa vidole viwili. Anakaza mno. Panya anaacha kurusha miguu, na pua yake ya waridi inaanza kufifia.

"Legeza," Nafuna anasema kwa sauti ya chini. "Umemziba pumzi. Legeza kidogo tu, usimwachilie."

"Madam, nikilegeza itaniuma."

"Heri ikuume. Kidole yako itapona."

Panya anavuta pumzi, na Idah naye. Wenzake wanacheka. Nafuna hacheki, amegeukia ukuta, anakohoa, na kikohozi hakiishi upesi.

Kikohozi hicho ndicho kinachomtoa. Ijumaa hii ni siku yake ya mwisho chumbani humu baada ya miaka 19. Daktari mmoja mjini Ruiru alimpata na pumu, na kinachoichochea ni vumbi la manyoya na mkojo wa panya.

"Nilimwambia daktari, si hii ni baridi tu ya Julai? Akaniambia, mama, ni hizo panya zako."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa Nafuna hilo si fumbo, kwani daktari alimkataza hata kurudi na nguo za kazi nyumbani kwake Kiuu. Alipopuliza kipimo cha mapafu alifikisha lita 190 kwa dakika, ilhali mwanamke wa umri na kimo chake hutarajiwa kufikisha karibu 400.

Ugonjwa wenyewe aliuficha kazini miaka miwili. Inhela, kikopo cha dawa ya kuvuta, aliitia ndani ya soksi, akaitumia chooni akiwa amefungulia maji ili asisikike. Aliacha shule kidato cha pili huko Bungoma, na alijua kwamba akitoka hapa hakuna chuo kingine kitakachompa wanafunzi.

"Cheti sina. Hii mikono ndio cheti yangu," anasema, akiitazama.

Siri ilifichuka Aprili, alipopiga magoti katikati ya rafu za vizimba na kushindwa kuinuka. Aliyembeba hadi garini ni Dkt. Kahiga, msimamizi wa chumba hicho.

"Nikimwacha humo, nitamzika," anasema Dkt. Kahiga. "Lakini nikimtoa sina mwingine. Mwaka jana hakuna panya hata mmoja aliyekufa mkononi mwa mwanafunzi wake. Kabla yake tulikuwa tunapoteza hadi kumi kwa wiki moja ya mafunzo."

Kuanzia Jumatatu, Nafuna ataandikisha wageni langoni. Mshahara haubadiliki, na wenzake wanamwambia ashukuru. Anashukuru, lakini machozi yanamtoka akisema hivyo.

"Mtu akifutwa na bosi, atalaani bosi. Mimi nitalaani nani? Panya haijui. Imenikalia tu kifuani, haijui."

Wiki mbili zilizopita usingizi ulimpaa akiwaza jinsi wanafunzi wapya watakavyofundishwa kwa kitabu na video. Video, anasema, haimwonyeshi mtu vidole vyake mwenyewe.

Ndipo akaandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja, akaipeleka ofisini. Hajaomba pesa wala cheo. Ameomba saa moja tu kila siku ya mafunzo, atoke langoni, aje asimame kwenye korido nje ya chumba cha panya, mahali penye dirisha lisilofunguka.

Barua ina siku kumi na moja mezani, na jibu bado.

"Sitaingia. Nimekubali sitaingia tena," anasema Nafuna. "Nitasimama tu hapo nje niangalie mikono yao. Nikiona mtu amekaza sana, nitagonga kioo."