Saa 7 kwenye Karatasi

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, nilikuwa nesi Kajiado, na mume wangu alifanya zamu ya usiku katika kiwanda upande wa Athi River. Tulipanga Kitengela, katikati ya kazi hizo mbili. Mmoja akiwa macho mwingine alikuwa amelala, kwa hiyo tulizungumza kwa vikaratasi mezani. Mimi nilitoka saa kumi na moja alfajiri, yeye akafika saa moja. Katikati hapo binti yetu wa miaka minne alilala peke yake, mlango umefungwa kufuli kwa nje. Usinihukumu haraka. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga, na jirani wa karibu alikuwa ng'ombe.

Jioni moja karatasi ilisema: “Kesho nitafika saa 7. Jipange.” Jipange lilikuwa neno lake la kila siku, likaniudhi kama kawaida. Kazini kwetu 7 ni saa moja asubuhi, ndivyo ratiba zetu zilivyoandikwa. Alfajiri nikafunga mlango nikaenda.

Saa nne, wodini, mama mmoja aliniuliza, “Sista, hii dawa atakunywa tena saa ngapi?”

“Saa saba,” nikamjibu, huku mkono wangu ukiandika 1.

Nikatazama ile 1. Mume wangu aliandika jinsi watu wanavyosema. Alimaanisha saa saba mchana.

Nilimkimbilia msimamizi nikamweleza. Alinihurumia, nadhani. “Lakini ukienda saa hii, nitabaki na nani? Mko wawili tu.”

Simu ya kumpigia mtu haikuwepo. Nilipima joto la wagonjwa, nikasahau, nikapima tena. Nilitazama saa ya ukutani hadi nikaichukia. Ningeweza kuvua aproni niende zangu, na mpaka leo sijui kwa nini sikwenda. Nilikaa mpaka wenzetu wa mchana walipokuja nikawakabidhi wodi, kitanda kwa kitanda.

Nilifika nyumbani saa tisa unusu. Mume wangu alikuwa amemuogesha mtoto na kumlisha.

“Si niliandika jipange?” akasema. “Nilijua utaenda naye.”

Nilimpakata binti yangu, nikamuuliza kama alilia sana.

“Nililia,” akasema. “Halafu nikaona hakuna mtu, nikanyamaza.”